Amri Isiyofika: Historia ya Udhibiti wa Mitandao Katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa, na Suala la Programu Zilizosambazwa Zinazostahimili Hitilafu

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya udhibiti wa mitandao ya mawasiliano katika eneo la Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kuanzia shambulio la Sphinxhafen la mwaka 1914 hadi kuenea kwa mitandao inayodhibitiwa kwa programu katika karne ya 21. Hoja yake kuu ni kwamba, katika maeneo ya pembezoni, hitilafu yenye madhara makubwa zaidi si kufa kwa chombo, bali ni kukatika kwa uhusiano baina ya anayetoa amri na anayeitekeleza, huku kila upande ukiwa mzima na ukiamini kwamba unajua hali halisi. Kwa sababu hiyo, ustahimilivu wa hitilafu haupatikani kwa kuongeza nakala za kidhibiti makao makuu peke yake. Unahitaji uamuzi wa mapema kuhusu mamlaka yanayobaki pembezoni, muda wa mamlaka hayo, na namna ya kupatanisha kumbukumbu mawasiliano yanaporejea.

1.0 Utangulizi

Barabara inayotoka Songea kuelekea magharibi hupanda hadi Mbinga, mji ulio katika milima ya Umatengo, kisha huteremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa. Kaskazini mwa bandari hiyo vimejipanga vijiji na bandari ndogo kama Lituhi na Liuli, ambavyo kwa miaka mingi vilifikika kwa chombo cha majini kwa urahisi zaidi kuliko kwa gari. Sehemu hiyo ya ziwani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ilipomegwa na kuwa Wilaya ya Nyasa. Katika insha hii eneo lote linachukuliwa kuwa moja, kwa kuwa historia yake ya mawasiliano haitenganishiki.

Jiografia hiyo imezaa tatizo moja la kudumu. Kila mamlaka iliyotawala mwambao huu, iwe ya kikoloni, ya kidini, ya shirika la umma au ya kampuni, ilikuwa na makao yake mbali: Dar es Salaam, Likoma au Songea. Amri zilisafiri njia ndefu, na mara nyingi njia hiyo ilikuwa moja tu. Njia ilipokatika, waliobaki upande wa ziwa walilazimika kuamua peke yao au kutoamua kabisa.

Tatizo hilo hilo, kwa sura nyingine, liko katikati ya fani ya mitandao inayodhibitiwa kwa programu. Katika mtandao wa kawaida, kila ruta hujiamulia njia ya kupitishia pakiti baada ya kupashana habari na jirani zake. Katika mtandao unaodhibitiwa kwa programu, uamuzi huondolewa kwenye vifaa na kupelekwa kwenye programu inayoitwa kidhibiti. Swichi hubaki na kazi ya kutekeleza kanuni ilizopewa. Faida yake ni kwamba mtandao mzima huonekana kutoka mahali pamoja, na programu-tumizi zinazoendeshwa juu ya kidhibiti zinaweza kuchagua njia, kugawa uwezo wa kusafirisha data na kuzuia mawasiliano yasiyoruhusiwa bila kukigusa kila kifaa. Hasara yake iko wazi pia: kidhibiti kikifa au kisipofikika, swichi hubaki na kanuni za zamani na haziwezi kukabiliana na jambo jipya.

Maandishi mengi ya fani hii yamezaliwa katika kampasi za vyuo na vituo vya data, ambako umbali ni mfupi na njia ni nyingi. Insha hii inaanzia upande wa pili, mahali ambapo umbali ni mrefu na njia ni chache. Inauliza swali la kihistoria: kila uhusiano wa kituo na pembezo ulipokatika katika mwambao huu, nani alikuwa na haki ya kuamua, na alijuaje kwamba habari alizokuwa nazo zimepitwa na wakati?

2.0 Sphinxhafen, Agosti 1914

Liuli ya leo iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba mkubwa ulio karibu na bandari ambao umbo lake liliwakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo meli yao, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo katikati ya mwaka 1914. Nahodha wake aliitwa Berndt. Upande wa Waingereza kulikuwa na meli Guendolen, yenye makao yake Fort Johnston kusini mwa ziwa, chini ya Kamanda Rhoades. Manahodha hao wawili walifahamiana na walikuwa na urafiki.

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilishambulia kituo cha redio cha Dar es Salaam. Makao makuu ya koloni, basi, yalijua bila shaka yoyote kwamba hali imebadilika. Nyasaland nayo ilipata habari kwa simu ya nyaya, ambayo ilikuwa imejengwa tangu miaka ya 1890 kutoka kusini na kupita ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Rhoades akapewa amri ya kuitafuta meli ya Wajerumani na kuiondoa katika uwezo wa kupigana.

Tarehe 13 Agosti Guendolen ilifika Sphinxhafen na kufyatua mzinga. Risasi za mwanzo hazikulenga. Berndt, ambaye hakuwa amepata habari za vita, alipanda mashua akaenda kumlaumu rafiki yake kwa kitendo hicho, naye akaambiwa kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mateka. Meli yake ikaachwa ikiwa haifai kutumika. Waingereza walirudi tena Mei 1915 ili kuhakikisha kwamba haitengenezwi.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha vita. Kwa mtafiti wa mitandao ni kielelezo kilichokamilika cha aina mahususi ya hitilafu. Si kweli kwamba kituo kilikufa: Dar es Salaam ilikuwa hai na ilijua. Si kweli kwamba pembezo lilikufa: Berndt alikuwa kazini na watu wake, akitekeleza kwa uaminifu amri ya mwisho aliyokuwa nayo, yaani matengenezo ya wakati wa amani. Kilichokosekana kilikuwa kiungo kati yao. Jambo zito zaidi ni kwamba Berndt hakuwa na njia yoyote ya kutambua kwamba kiungo hicho kimekosekana. Kwake, kimya cha wakati wa amani na kimya cha mawasiliano yaliyokatika vilifanana kabisa.

Jambo la pili linahusu mgawanyo wa mamlaka. Rhoades alipewa lengo, si orodha ya hatua. Aliamua mwenyewe pa kutafuta, wakati wa kukaribia na namna ya kumchukua mpinzani wake. Kama kila hatua ingesubiri idhini ya Zomba, habari ya mapema isingemfaa kitu. Upande mmoja ulikuwa na habari mpya na ruhusa ya kuitumia. Upande wa pili ulikuwa na habari ya zamani isiyo na tarehe ya mwisho. Mizinga ya meli hizo haielezi matokeo vizuri kama inavyoyaeleza tofauti hiyo.

3.0 Meli ya Misheni na Walimu wa Vijijini

Kabla ya vita na baada yake kulikuwa na mtandao mwingine katika ziwa hilo hilo ulioendeshwa kwa kanuni tofauti. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati iliweka makao yake katika kisiwa cha Likoma na kutumia meli kuunganisha vituo vya pande zote mbili za ziwa. Meli yake kubwa, Chauncy Maples, ilishushwa majini mwaka 1901 na ilitumika kama chombo cha usafiri, shule na mahali pa tiba. Kasisi William Percival Johnson alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akipita kijiji hadi kijiji, na alifariki Liuli mwaka 1928.

Meli haikuweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Baina ya ziara moja na nyingine, shule na makanisa ya vijijini yalikuwa mikononi mwa walimu Waafrika. Hawa waliandikisha wanafunzi, waliongoza sala, walisuluhisha ugomvi na kutunza daftari. Mambo fulani, kama ubatizo na kupewa daraja takatifu, yalisubiri kuhani au askofu. Mgawanyo huo ulijulikana kabla meli haijaondoka. Mwalimu alijua lililo ndani ya uwezo wake na lile linalopaswa kungoja, na ziara iliyofuata ilikuwa nafasi ya kulinganisha daftari lake na lile la misheni.

Vita vilipoanza, Chauncy Maples ilichukuliwa kwa kazi za kijeshi. Kwa lugha ya fani, kidhibiti kilichokuwa kikizunguka kiliondolewa katika mtandao. Hata hivyo vituo havikutegemea meli kwa kila uamuzi wa siku, na hapo ndipo inapoonekana tofauti na Sphinxhafen. Mwalimu wa kijijini alikuwa amefundishwa kutenda bila meli, kwa hiyo kuchelewa kwake kulikuwa jambo lililotarajiwa. Mtandao wa misheni ulichukulia kukatika kuwa hali ya kawaida. Ule wa serikali ya kikoloni ulikuchukulia kuwa ajali.

Mfano wa mbali zaidi katika mwelekeo huo huo uko mashambani. Kilimo cha ngolo cha Wamatengo hugawa mteremko mkali kuwa mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta ambayo chini yake hufukiwa nyasi. Kila shimo hupokea mvua iliyo juu yake. Likizidiwa, maji huingia katika shimo jirani badala ya kuteremka kwa kasi mlima mzima. Hakuna mfereji mkuu ambao kubomoka kwake kungeharibu shamba lote. Madhara ya tuta lililovunjika hubaki karibu na tuta hilo. Mfano huu una mipaka yake, kwa kuwa shimo halihitaji kukubaliana na shimo jingine kuhusu jambo lolote, ilhali vidhibiti vya mtandao vinahitaji. Hata hivyo unaonyesha kwamba kuzuia hitilafu isienee ni sharti linalotimizwa wakati wa kuchimba, si baada ya mvua kuanza.

4.0 Kutoka Posta na Simu Hadi Mkongo wa Taifa

Baada ya uhuru, huduma za posta na simu ziliendeshwa kwa pamoja na nchi tatu za Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kisha likaja Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo sheria za mwaka 1993 zililigawa ili kutenga posta, simu na usimamizi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa mwaka 2003, na sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ikapitishwa mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo biashara pekee isingeyafikia. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na simu ya mkononi ikawa njia ya kupokea fedha. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, kukatika kwa mtandao kulianza kumaanisha kukatika kwa malipo.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea pamoja. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Mwaka uliofuata mkongo wa EASSy nao ukaanza kutoa huduma. Mkongo wa Taifa ulipangwa kwa pete, ili data iweze kuzunguka upande wa pili pale upande mmoja unapokatika. Songea iko katika pete ya kusini. Hilo lilikuwa badiliko kubwa: kwa mara ya kwanza mji mkuu wa mkoa ulikuwa na njia mbili za kufika Dar es Salaam, moja kupitia Makambako na nyingine kupitia Tunduru na Mtwara.

Pete, hata hivyo, haimalizi suala kwa sehemu mbili. Kwanza, mahali palipo nje ya pete hubaki kuwa tawi. Waya wowote unaofuata barabara ya Songea, Mbinga na Mbamba Bay hauna mahali pa kuzungukia, kwa kuwa mbele yake ni ziwa. Maporomoko ya udongo, daraja lililosombwa au jembe la mchimba barabara hutosha kulitenga tawi hilo. Pili, pete yenyewe huishia kwenye milango michache ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya SEACOM na EASSy ilidhoofisha intaneti katika sehemu kubwa ya Tanzania kwa wakati mmoja. Njia mbili zilizohesabiwa kuwa za akiba zilipatwa na dhara kwa pamoja.

Umeme ni sura ya tatu. Hadi mwaka 2018, ulipokamilika mradi wa njia ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, miji ya Songea na Mbinga ilitegemea jenereta za dizeli. Mnara wa simu na chumba cha mitambo vilikuwa na akiba ya nishati ya saa kadhaa tu. Hesabu yoyote ya ustahimilivu inayohesabu seva na kusahau dizeli si hesabu ya mwambao huu.

5.0 Uamuzi Wahamia Kwenye Programu, 2005 Hadi 2018

Wakati mkongo ukisambazwa nchini, watafiti wa Marekani walikuwa wakihoji msingi wa mitandao iliyokuwepo. Mwaka 2005 mapendekezo kama 4D yalitaka uamuzi utenganishwe na usafirishaji. Mradi wa Ethane wa mwaka 2007 ulilijaribu wazo hilo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2008 ikatangazwa itifaki ya OpenFlow, iliyokiwezesha kidhibiti kuandika kanuni ndani ya swichi za watengenezaji mbalimbali.

Vidhibiti vya kwanza viliendeshwa kwenye seva moja, jambo lililorahisisha kuandika programu-tumizi na kurahisisha pia kuiangusha kazi nzima. Mwaka 2010 mfumo wa Onix uligawa kidhibiti katika seva kadhaa na kumwachia mwandishi wa programu-tumizi uchaguzi mgumu: baadhi ya taarifa zingehifadhiwa kwa uwiano mkali, ambapo kila seva huona jambo lile lile, nyingine zingehifadhiwa kwa haraka zaidi, kwa kukubali kwamba seva zinaweza kutofautiana kwa muda. Mwaka 2014 ONOS ikafuata njia ya seva nyingi, ambapo kila swichi huwa na mkuu mmoja na wasaidizi wanaongoja kuchukua nafasi yake.

Msingi wa kinadharia ulikuwepo tayari. Mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba, pale ucheleweshaji wa ujumbe usipokuwa na kikomo, hakuna utaratibu unaoweza kuhakikisha maafikiano ndani ya muda wenye mwisho hata kama ni mshiriki mmoja tu anayeweza kufa. Kiini chake ni hali ya Berndt: aliyekufa na aliyechelewa hawatofautishwi kwa kusikiliza kimya. Utaratibu wa Paxos wa Leslie Lamport, uliochapishwa mwaka 1998, na ule wa Raft wa mwaka 2014 hukabiliana na hali hiyo kwa akidi: jambo huhesabiwa limeamuliwa likikubaliwa na zaidi ya nusu ya washiriki. Mwaka 2002 Gilbert na Lynch wakathibitisha dai la Eric Brewer kwamba, mtandao unapopasuka, mfumo hauwezi kulinda uwiano na upatikanaji kwa pamoja. Mwaka 2013 Panda na wenzake walilipeleka swali hilo katika udhibiti wa mitandao, wakaonyesha kwamba baadhi ya sera haziwezi kulindwa bila kuzuia mawasiliano ambayo kimwili bado yanawezekana.

Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni onyo sahihi kwa mwenye kusambaza vidhibiti, na sehemu kubwa ya kazi ya kiufundi ya miaka hiyo ilikuwa kulijibu. Toleo la 1.2 la OpenFlow, la mwaka 2011, liliweka cheo cha mkuu pamoja na namba ya kizazi: kidhibiti kikidai ukuu kwa namba ya zamani, swichi hukikataa. Nahodha aliyekuwa ametengwa, akarudi bila kujua kwamba mwingine ameshashika usukani, hawezi kutoa amri.

Mwaka 2015 mfumo wa Ravana ulionyesha kwamba kunakili hali ya kidhibiti peke yake hakutoshi. Mkuu anaweza kufa baada ya kupokea tukio lakini kabla ya kuliandika katika daftari la pamoja, na tukio hilo likapotea. Au anaweza kufa baada ya kutuma amri, na mrithi wake akaituma mara ya pili. Ravana ilihakikisha kwamba kila tukio linashughulikiwa mara moja tu na kila amri inatekelezwa mara moja tu, kwa kuishirikisha swichi yenyewe katika kutunza kumbukumbu. Mwaka mmoja kabla yake, LegoSDN ilikuwa imeshughulikia tishio jingine, yaani programu-tumizi yenye kasoro inayoangusha kidhibiti kizima, kwa kuitenga na kurejesha hali iliyokuwepo kabla ya kosa.

Uzoefu wa mitandao mikubwa uliongeza tahadhari. Katika maelezo ya mwaka 2013 kuhusu B4, mtandao wake unaounganisha vituo vya data, Google ilieleza tukio ambapo, vifaa vilipokuwa vikihamishwa, swichi mbili zilipewa kitambulisho kimoja kwa makosa. Viungo vilianza kuonekana vikikatika na kurudi, mfululizo wa taarifa ukauzidi uwezo wa programu, na udhibiti ukayumba ingawa vifaa vingi vilikuwa vizima. Uchunguzi wa kampuni hiyo wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hitilafu zake kubwa nyingi zilitokea wakati kazi ya usimamizi inaendelea. Mkono wa fundi ni sehemu ya mfumo, na hitilafu zake lazima zihesabiwe.

6.0 Mwambao Kama Kipimo cha Usanifu

Ikiwa mtandao wa aina hii utadhibitiwa kwa vidhibiti vitatu, suala la kwanza ni mahali pa kuviweka. Vyote vitatu vikiwa Dar es Salaam, mfumo utastahimili kufa kwa seva moja lakini hautastahimili kukatika kwa waya baina ya Songea na Mbinga. Kimoja kikiwa Dar es Salaam, kimoja Songea na kimoja Mbinga, kukatika huko kutaiacha Mbinga bila akidi. Viwili vikiwekwa upande wa ziwa, sehemu nyingine ya nchi ndiyo itakayokosa akidi siku tawi linapotengwa. Hakuna mpangilio wa seva unaoondoa tatizo. Kila mmoja huchagua tu nani atakayebeba madhara.

Uamuzi wa msingi, kwa hiyo, ni wa kugawa aina za maamuzi, kama ilivyokuwa baina ya mwalimu wa kijijini na meli. Kupitisha mawasiliano kati ya zahanati ya kijiji na hospitali iliyo upande huo huo wa ziwa ni jambo la mahali. Hakuna sababu ya kulifanya litegemee seva iliyo umbali wa karibu kilomita 1,000. Kanuni zake zinapaswa kukaa katika kidhibiti cha karibu au katika swichi zenyewe. Kubadili sera ya usalama au kufungua njia mpya kwenda nje ya eneo ni jambo la wote, na linapaswa kungoja akidi. Uhamisho wa fedha ni wa aina ya tatu: mtandao unaweza kuufikisha ujumbe, lakini hesabu ya salio haipaswi kugawanyika pande mbili. Ni afadhali muamala ukataliwe kuliko malipo ya kahawa yahesabiwe mara mbili, au yahesabiwe upande mmoja na kukanwa upande wa pili.

Suala la pili ni muda. Njia inayojulikana tangu pendekezo la Gray na Cheriton la mwaka 1989 ni kutoa ruhusa yenye ukomo: mpokeaji huitumia hadi saa iliyotajwa, na asipoihuisha hujua kwamba hana tena uhakika. Berndt alihitaji kitu cha aina hiyo. Kama utaratibu wake ungesema kwamba kimya cha siku kadhaa ni ishara ya hatari, angekuwa na sababu ya kuchukua tahadhari kabla ya mzinga wa kwanza. Hata hivyo ukomo huo unaweza kudhuru. Maelezo ya OpenFlow hutoa hali mbili za swichi iliyopoteza kidhibiti: kuendelea na kanuni ilizonazo huku ikiacha yasiyojulikana, au kufanya kazi kama swichi ya kawaida. Ikiwa kanuni zote zina muda wa mwisho na kukatika kukachukua muda mrefu zaidi, hali ya kwanza huishia kwenye kimya kamili. Zahanati hupoteza mawasiliano ambayo waya wake haujakatika popote.

Hivyo ukomo wa ruhusa lazima uelekeze mahali. Kanuni ya kawaida inapoisha, ifuatwe na kanuni ndogo ya dharura iliyoandikwa mapema, inayojulikana na pande zote mbili, inayolinda huduma chache za mahali na kukataa mengine. Kituo nacho kijue kwamba, baada ya muda huo, pembezo limehamia katika hali hiyo. Hapo kimya hubeba maana moja kwa wote.

Suala la tatu ni kurejea. Mawasiliano yanapofunguka, kuna madaftari mawili ya matukio yanayotofautiana. Namba ya kizazi huzuia mkuu wa zamani asitoe amri, lakini haielezi nini kifanywe na maamuzi halali yaliyofanywa na pembezo wakati wa kutengwa. Kama mamlaka yaligawanywa vizuri tangu mwanzo, maamuzi hayo yatakuwa ya mambo ya mahali na hayatapingana na ya kituo. Kama hayakugawanywa, mtu atalazimika kuchagua ni daftari lipi lifutwe, na historia ya mwambao huu haitoi matumaini kwamba litakalofutwa litakuwa la makao makuu.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haioneshi mwendo ulionyooka kutoka udhaifu hadi uimara. Simu ya nyaya, meli, posta, mnara na mkongo vimefuatana, na kila kimoja kimepunguza muda wa amri kufika. Hakuna kilichoondoa uwezekano wa amri kutofika. Tofauti kati ya mtandao ulioanguka na ule uliostahimili haikuwa wingi wa vifaa pekee. Ilikuwa ni kama kutengwa kulifikiriwa kabla hakujatokea, na kama aliyetengwa alipewa kazi anayoiweza.

Kwa watafiti wa mifumo iliyosambazwa, jambo hili lina maana ya vitendo. Majaribio yanayoua seva moja ndani ya chumba kimoja hupima kufa, na hayapimi kutengwa. Kipimo kinachofaa mazingira ya Ruvuma ni kukata tawi zima kwa siku kadhaa, kulikatia na umeme, kuruhusu fundi afanye kosa katikati ya matengenezo, kisha kuunganisha tena na kulinganisha madaftari. Mfumo unaopita jaribio hilo utaifaa Liuli, na utafaa pia katika vituo vya data ambako kutengwa ni nadra lakini si jambo lisilowezekana.

Kwa wapangaji wa mitandao nchini, suala hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Kuweka uamuzi wote mahali pamoja hupunguza gharama na kurahisisha usimamizi, na ndiyo sababu mwelekeo huo utaendelea. Lakini kila kanuni inayohamishwa kutoka Mbinga kwenda makao makuu ni uamuzi kuhusu wakazi wa ufuo wa ziwa: watafanya nini siku ambayo makao makuu hayasikiki. Swali hilo linapaswa kujibiwa kwa maandishi, pamoja na watakaoishi na jibu lake, kabla waya haujakatika.